Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Asili Yangu na Njia Iliyonifikisha Kwenye Unasihi wa Familia, Tabora

Watu wengi wanaofika ofisini kwangu hapa Tabora kwa unasihi, yaani ushauri nasaha, wa familia hutaka kwanza kumjua wanayemweleza, ndipo waanze kueleza yaliyowasibu. Nalichukulia hilo kuwa ni haki yao, kwa sababu mambo ya ndani ya nyumba hayakabidhiwi kwa mtu asiyejulikana atokako. Hapa nimekusanya maswali ninayoulizwa mara nyingi zaidi, na nimejibu kwa kirefu pale ambapo jibu fupi lingepotosha. Mifano ya familia nilizozihudumia nimeichanganya na kuibadilisha, ili asiwepo anayeweza kujitambua wala kumtambua jirani yake. Ya kwetu nimeyaeleza yalivyokuwa, kwa ridhaa ya ndugu zangu.

Wewe ni mwenyeji wa wapi?

Nimezaliwa Tabora mjini, katika mtaa ulio karibu sana na stesheni, ambako saa za siku tulizijua kwa honi ya treni. Mama yangu ni Mnyamwezi wa Sikonge. Baba alizaliwa Ujiji, akaajiriwa reli akiwa kijana, na kwa muda mrefu alikuwa gadi wa treni ya abiria iendayo Kigoma. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo miji hii miwili imekuwa ikipeana watu: wafanyakazi wa reli, wafanyabiashara wa dagaa na mawese, wanafunzi, wachumba. Mimi ni mtu wa Tabora, lakini utu wangu wa Tabora una kilomita kama 400 za reli ndani yake.

Ni kweli kwamba uliingia katika kazi hii kwa sababu ya mambo yaliyotokea kwenu?

Ni kweli, ingawa ilinichukua miaka mingi kulitambua hilo, na wakati huo sikujua kwamba kuna kazi ya namna hii duniani.

Baba alifariki nilipokuwa na umri wa miaka 13, baada ya kuugua siku chache. Habari zilipelekwa Kigoma kwa simu ya reli, na kama ilivyo desturi yetu Waislamu, maziko hayakucheleweshwa. Siku ya pili ya matanga, treni ya kutoka Kigoma ilipoingia, alikuja nyumbani kwetu mwanamke mmoja akiwa na watoto watatu. Mkubwa alikuwa mvulana wa umri wa miaka kama 9, na alipokuwa akivuka uani kila mtu aliona kwamba anatembea kama baba. Kina mama waliokuwa wakichambua mchele walinyamaza. Mama yangu, aliyekuwa ameketi kwenye jamvi, alimtazama yule mgeni kwa muda, kisha akasogea, na yule mama akaketi kando yake. Hakuna neno lililosemwa.

Kilichoniumiza baadaye hakikuwa kwamba baba alikuwa na nyumba mbili. Katika dini yetu na katika sheria ya nchi yetu, mwanamume anaweza kuwa na mke zaidi ya mmoja, na nimezifahamu familia za wake wengi zilizolea watoto kwa upendo na kwa mpango mzuri. Kilichoniumiza ni kugundua kwamba watu wazima wote walikuwa wanajua. Shangazi alijua, majirani walijua, wafanyakazi wenzake baba walijua, na mama naye alijua kwa miaka minane. Sisi watoto tuliishi ndani ya nyumba ambayo mazungumzo yalikatika kila tulipoingia sebuleni, tukaamini kwamba kuna kosa tumelifanya sisi.

Baada ya arobaini kulikuwa na kikao cha ukoo. Mirathi iligawanywa kwa haki, na sina lalamiko lolote juu ya hesabu ile: kiwanja, baiskeli, cherehani, na fedha za kiinua mgongo ambazo zilikuwa hazijatoka. Kazi hiyo ilikwisha adhuhuri. Hata hivyo, katika watu wazima waliokuwepo siku hiyo, hakuna aliyemgeukia mtoto hata mmoja kati yetu, wa Tabora au wa Kigoma, akamuuliza ameelewa nini au anaogopa nini. Wageni walipanda treni ya jioni wakarudi kwao, na nyumba ikarudia ukimya wake.

Mama alikaa eda miezi minne na siku kumi. Siku aliyotoka, alipokuwa akifunga kanga mpya mbele ya kioo, alisema bila kunitazama: «Na yule mwenzangu wa Kigoma naye leo anatoka.» Ndipo nilipojua kwamba muda wote ule alikuwa akihesabu siku za watu wawili. Sijasikia tena sentensi iliyobeba mambo mengi kiasi kile, na naamini kwamba nilichokitafuta katika masomo na kazi yangu yote ni namna ya kuwasaidia watu waiseme sentensi kama ile mapema zaidi, wakiwa bado wote wako hai.

Je, mtu aliyetoka katika familia yenye majeraha anafaa kuwasaidia wengine?

Anafaa iwapo ameyatazama majeraha yake mwenyewe chini ya uangalizi wa mtu mwingine, na hafai iwapo anayakimbia kwa kujishughulisha na ya wenzake. Taaluma yetu imelizingatia jambo hili tangu mapema. Murray Bowen, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani ambaye ni miongoni mwa waasisi wa tiba ya familia, alisimama katika mkutano wa wataalamu mjini Philadelphia mwaka 1967 akaeleza kazi aliyoifanya ndani ya familia yake mwenyewe, yeye akiwa kifungua mimba wa watoto watano. Tangu hapo wanafunzi wengi wa fani hii hutakiwa kuichora familia yao kabla ya kugusa ya mtu mwingine.

Mimi nilipotakiwa kuichora yangu, niliweka nyumba ya Tabora tu. Msimamizi wangu aliitazama karatasi, akaniuliza mbona upande wa kulia nimeacha nafasi kubwa nyeupe. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na nilitoka nje nikalia.

Ulikuwa unafanya kazi gani kabla ya hii?

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 11, na bado wengi mjini huniita Mwalimu. Ualimu sikuuacha kwa kuuchukia. Niliuacha kwa sababu ya mtoto mmoja wa darasa la nne, ambaye habari zake nazieleza hapa kwa kubadilisha kila kinachoweza kumtambulisha.

Mtoto huyo alichelewa karibu kila siku. Nilimwonya, nikamchapa, nikamchapa tena, naye hakuwahi kujitetea. Siku moja nilimfuata nyumbani kwao asubuhi na mapema ili niwashtaki wazazi wake kwao wenyewe. Nilikuta baba ameketi barazani na mama yuko jikoni, nyuma ya nyumba, na mtoto anapita katikati. «Mwambie baba yako hela ya unga imekwisha.» Anakwenda, anasema. «Mwambie mama yako jana niliacha elfu mbili.» Anarudi, anasema. Wazazi wale walikuwa hawajasemezana kwa zaidi ya mwaka mmoja, ingawa walilala chini ya paa moja na kula chungu kimoja, na kila neno lililohitajika kuendesha nyumba ile lilipitia kinywani mwa mtoto wa miaka 10. Alikuwa hawezi kuondoka kwenda shule mpaka majibu ya asubuhi yaishe. Aidha, nilibaini kwamba alikuwa akiyapunguza makali: mama aliposema neno zito, mtoto alifikisha neno jepesi. Alikuwa akiifanya kazi ya mnasihi, bila mafunzo, bila msaada, na kwa malipo ya viboko vyangu.

Nilimwomba msamaha mbele ya wazazi wake. Sikujua nifanye nini zaidi ya hapo, na kule kutojua kukaninyima usingizi.

Miaka baadaye, chuoni, nilisoma maelezo ya Bowen juu ya kile anachokiita pembetatu: watu wawili wanapozidiwa na mvutano kati yao, humvuta wa tatu ili mvutano upate pa kukaa, na mara nyingi wa tatu huyo ni mtoto. Nilifunga kitabu nikamkumbuka yule mvulana wa darasa la nne akivuka uani. Nilifarijika pia kusoma kwamba Virginia Satir, mwasisi mwingine wa fani hii, naye alianza kama mwalimu wa shule, na alikuwa na mazoea ya kuwatembelea wanafunzi wake majumbani kwao. Nadhani mwalimu yeyote aliyewahi kumfuata mtoto hadi kwao huwa amekwisha kuingia nusu ya mlango wa kazi hii.

Umesomea nini, na kwa muda gani?

Baada ya ualimu nilijiunga na Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, Dar es Salaam, ambayo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973 kwa ajili ya kuandaa maafisa ustawi wa jamii. Nikahitimu, nikafanya kazi ya ustawi wa jamii katika halmashauri kwa miaka kadhaa, nikishughulika na matunzo ya watoto, mashauri ya ndoa na watoto waliokinzana na sheria. Baadaye nilisoma shahada ya uzamili katika saikolojia ya ushauri nasaha, na humo ndimo nilimojikita katika familia. Baada ya karatasi zote hizo nilifanya kazi chini ya msimamizi wa kitaaluma kwa miaka miwili, na hadi leo ninaye mtu ninayempelekea mashauri magumu kila mwezi, bila kumtajia majina ya wahusika.

Ninasisitiza hilo la mwisho kwa sababu jina la «mshauri wa ndoa» linatumiwa na watu wengi wa aina nyingi. Kabla hujamfungulia mtu moyo wako, muulize amesomea wapi, amesimamiwa na nani, na huwa anawapeleka wapi watu asioweza kuwasaidia. Anayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kukujibu.

Una tofauti gani na wazee wa ukoo, mshenga, kungwi au baraza la usuluhishi?

Hili naulizwa karibu kila wiki, na mara nyingi na wazee wenyewe, ambao huogopa kwamba nimekuja kuwanyang'anya kazi. Sikuja kwa ajili hiyo. Nimetoka katika jamii ambayo ina njia zake za kutengeneza nyumba, na baadhi ya njia hizo nazistahi kuliko nilichofundishwa darasani. Chukua utani. Mtani wa familia anaweza kuingia msibani akasema wazi, kwa kicheko, jambo ambalo ndugu wa damu akilisema atazua ugomvi wa miaka kumi. Tangu enzi za misafara ya wapagazi kati ya Unyamwezi na pwani, Wanyamwezi wamekuwa na watani kila walikopita, na kazi ya mtani haikuwa mzaha mtupu; ilikuwa ni kuruhusu ukweli upite bila kujeruhi.

Tofauti zipo, hata hivyo. Wazee wa ukoo wana upande: wametoka kwa mume au kwa mke, na mahari ilipita mikononi mwao. Mshenga ana heshima yake ya kulinda, kwani ndoa ikivunjika naye amevunjika kidogo. Kungwi na somo humfunda mmoja, mara nyingi mwanamke, kabla ya ndoa, na mengi wanayofundisha ni ya kuvumilia. Baraza la usuluhishi wa ndoa lina kazi iliyoandikwa katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971: kifungu cha 101 kinataka shauri la talaka, isipokuwa katika hali chache maalumu, lisifikishwe mahakamani kabla baraza halijajaribu kusuluhisha na kuthibitisha kwamba limeshindwa. Kazi ya baraza inaishia kwenye hati.

Mimi sina upande, sina mahari iliyopita mkononi mwangu, na siandiki hati. Siamui nani mwenye kosa. Kazi yangu ni kuwakalisha watu mahali ambapo kila mmoja anaweza kumaliza sentensi yake, kisha kuwasaidia waone namna wanavyoendeshana: huyu akipandisha sauti yule hujifungia, yule akijifungia huyu hupandisha sauti zaidi. Wengi wanaofika kwangu walikwisha kupita kwa wazee, na mara kadhaa nimewaomba wazee wale wale waje tukae pamoja, hasa inapobidi mume apate ruhusa ya kubadilika bila kuonekana ametawaliwa.

Kwa nini katika kikao cha kwanza unatuuliza majina ya babu na bibi?

Kwa sababu nachora. Kuna mchoro ambao wanasihi wa familia duniani kote wanautumia, wenye vizazi vitatu au zaidi: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mstari wa ndoa, mistari inayoshuka kwa watoto kuanzia wa kwanza kushoto. Aliyefariki huwekewa alama ya X. Katika mkoa wetu mchoro huo hauishii kwenye karatasi moja, kwa kuwa kuna wake wenza, kuna watoto waliolelewa na bibi, kuna kaka wa baba ambaye naye ni baba, na sikubali kuyapunguza hayo ili karatasi ipendeze.

Watu hushangaa wanachokiona. Mwanamume mmoja aliyelalamika kwamba mkewe anamdharau alitaja, akihesabu kwa vidole, kwamba babu yake, baba yake na kaka zake wawili wote waliacha nyumba mtoto wa tatu alipozaliwa. Yeye mwenyewe mkewe alikuwa na mimba ya tatu. Alikaa kimya kwa muda mrefu akiitazama karatasi, kisha akaniuliza kama anaweza kwenda nayo nyumbani.

Kwa nini unasema msimu wa tumbaku ndio msimu wako wa kazi nyingi?

Wanaoishi Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui hawahitaji kuelezwa, lakini kwa wasomaji wa mbali nitaeleza. Tumbaku ni zao linalokula nguvu ya nyumba nzima. Vitalu huandaliwa kabla ya mvua; miche huhamishiwa shambani mvua zikianza; kisha huja kuvuna jani kwa jani, kufunga, na kukausha kwenye mabani, ambako moto lazima uchochewe usiku na mchana kwa siku kadhaa mfululizo. Mama anachochea, watoto wanachochea, baba anachochea. Halafu majani hupangwa kwa madaraja na kuuzwa kupitia chama cha msingi, na baada ya kukatwa mkopo wa pembejeo, malipo huingia msimu wa mauzo kwenye akaunti ya mwanachama aliyeandikishwa. Mara nyingi mwanachama huyo ni mume.

Nyumba iliyofanya kazi pamoja kwa miezi tisa hugeuka, kwa siku moja, kuwa nyumba yenye mtu mmoja mwenye fedha na wengine wanaosubiri. Baadhi ya waume huzifikisha nyumbani. Baadhi hupitia mjini kwanza na kurudi baada ya wiki mbili. Wapo pia wanaoongeza mke kazi inapoanza na kumwacha malipo yakitoka, na mwanamke huyo hubaki na mimba na mikono iliyoungua.

Nilijifunza kwamba kuzungumza na familia hizi kuhusu «mawasiliano» peke yake ni kuwadhulumu. Siku hizi naomba karatasi ya malipo iwekwe mezani. Naomba kila mmoja, hata mtoto wa darasa la sita, aseme alikaa bani usiku ngapi. Nimewaona wanaume wagumu wakiinamisha vichwa wanaposikia hesabu ya usiku wa watoto wao wenyewe. Siwalazimishi kugawa fedha kwa namna fulani. Hata hivyo, baada ya hesabu ile huwa ni vigumu sana kwa mtu kusema tena «hela zangu».

Mume wangu, au mke wangu, hataki kuja. Nifanyeje?

Njoo wewe. Mmoja akibadilisha mwendo wake, wa pili hawezi kucheza ngoma ile ile. Hata hivyo, usimtume mtoto amshawishi mwenzako, na usimwambie kwamba mnasihi amesema ana kosa, kwa kuwa sitakuwa nimesema hivyo.

Mji huu ni mdogo. Nitajuaje kwamba siri yangu haitafika mtaani Gongoni kabla yangu?

Sisalimiani na mteja wangu barabarani mpaka anisalimu yeye. Mke wa kaka yangu na dada zangu hawajui ninahudumia nani. Maandishi yangu hayana majina kamili na yanakaa chini ya ufunguo. Kama tuna undugu, nitakuambia mapema na kukuelekeza kwa mwingine.

Kuna mahali ambapo usiri unafikia mwisho wake, nami hulisema hilo katika dakika kumi za kwanza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayenyimwa haki zake kuzifikisha kwa mamlaka ya serikali ya mtaa, ambako afisa ustawi wa jamii huzifuatilia. Nikisikia kwamba mtoto anaumizwa, nitatoa taarifa, na nitakuambia kwamba ninafanya hivyo. Mtoto mwenyewe, au yeyote anayemjali, anaweza kupiga namba 116 bila malipo, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Watoto nao huzungumza nini?

Wadogo hawazungumzi, wanachora. Natumia zoezi linaloitwa Mti wa Maisha, ambalo mwanasaikolojia wa Zimbabwe, Ncazelo Ncube, alilianzisha pamoja na David Denborough wa Australia kwa ajili ya watoto walioguswa na janga la UKIMWI. Mizizi ni walikotoka, ardhi ni wanapoishi sasa, shina ni wanayoyaweza, matawi ni matumaini, majani ni watu wao, matunda ni walichopewa. Huku kwetu kila mtoto huchora mwembe, bila kuambiwa. Nampenda mtoto anayeanza na majani, akaandika jina la mtu aliyekwisha kufa, akaniuliza kama anaruhusiwa. Anaruhusiwa.

Wewe umeolewa? Dini yako ni ipi, na unamhudumia mtu wa dini nyingine?

Nimeolewa, nina watoto watatu, na ndoa yangu imewahi kupita mahali pagumu ambapo nasi tulimwendea mnasihi, katika mkoa mwingine. Mimi ni Mwislamu. Nimewahudumia Wakristo wengi, na pale imani ya mtu inapogusa jambo lake, namuomba ruhusa ya kumshirikisha padri au mchungaji wake kuliko kujifanya najua.

Kuna familia ulizoshindwa kuzisaidia?

Zipo, na moja nitaibeba siku zote. Katika mwaka wangu wa pili wa kazi niliwapokea mume na mke, nikawakalisha pamoja kama nilivyofundishwa, nikamtia moyo mke aseme yote. Akasema yote. Mume alisikiliza kwa utulivu, hata nikajipongeza. Wiki iliyofuata mke alikuja peke yake akiwa amefunika uso kwa mtandio, akaniambia kwa upole kwamba yale aliyoyasema ofisini kwangu aliyalipia usiku ule ule.

Nilikuwa sijauliza. Nilikuwa nimeiona hofu yake nikaiita haya. Tangu siku hiyo kila mtu mzima namwona peke yake kwanza, na namuuliza wazi kama anapigwa, kama anatishiwa, kama ana pa kwenda. Jibu likiwa ndiyo, siwakalishi pamoja. Nyumba yenye kipigo haiponywi kwa mazungumzo ya pande mbili, kwa kuwa upande mmoja hauna uhuru wa kuzungumza. Hapo namsaidia anayeumizwa apate usalama, na wa pili atashughulikiwa mahali pengine.

Wapo pia ambao shida yao si ya kwangu. Mtu anayesikia sauti, asiyelala wiki nzima, au anayetaka kujiua, nampeleka hospitali ya Kitete, na inapobidi hospitali ya Mirembe, Dodoma. Naendelea kukaa na familia yake, lakini dawa ni kazi ya daktari.

Je, nyumba mbili za baba yenu sasa zinaelewana?

Naulizwa hili na kila anayenijua vizuri, na najua kwamba anayeuliza anatafuta tumaini kwa ajili ya kwake, kwa hiyo sitalipamba jibu.

Yule mvulana aliyetembea kama baba sasa ni mtu mzima, na ni yeye aliyeanza. Alinitafuta nilipokuwa chuoni, akanipigia simu, akasema: «Dada, mimi ni mtoto wa baba yako.» Tulizungumza mpaka salio likaisha. Siku hizi hututumia dagaa kwa treni, nasi humtumia asali ya Sikonge. Mama zetu walikutana mara mbili tu baada ya msiba, katika harusi, na mara zote mbili waliketi pamoja na kuzungumzia watoto. Juu ya baba hawakuzungumza, na mimi, pamoja na taaluma yangu yote, sikuthubutu kuwauliza. Kiwanja bado kina mvutano, kwa sababu kaka yangu wa hapa haamini kwamba wenzetu walipata kidogo.

Mdogo wetu wa mwisho wa Kigoma, ambaye siku ile alibebwa mgongoni, hajawahi kushuka katika stesheni ya Tabora tena. Kwa miaka mingi nilikuwa nikimwambia kaka yake: mwambie mdogo wako nimemkumbuka, mwambie aje Idi. Siku moja nilijisikia nikiyasema maneno hayo, nikamwona yule mvulana wa darasa la nne anavuka uani. Siku hizi nikiwa na neno naye nampigia mwenyewe. Mara nyingi hapokei.